"Timu ya jamii" kwenye hoki ya vijana maana yake nini? Twende Swift Current uone

Ukifuatilia hoki ya barafuni ya Kanada utakutana sana na hili neno, kwamba timu fulani ni ya jamii, na watu wengi wakisikia wanadhani maana yake inapendwa na wenyeji au labda manispaa ndo inailipia mishahara. Hapana jamani. Maana yake ni kwamba timu haina mwenyewe mmoja. Hakuna tajiri anayeamka asubuhi akasema nauza, hakuna familia iliyorithi, hakuna kampuni nyuma yake. Ni chama kisicho cha faida chenye wanachama, wanachama wanachagua bodi, bodi ni watu wa mji ule ule ambao wana kazi zao nyingine na wanakaa vikao jioni kwa kujitolea, halafu bodi ndo inaajiri meneja na kuangalia hesabu. Hela ikibaki mwisho wa msimu haigawiwi kwa mtu, inaingia kwenye akiba ya timu au inasaidia hoki ya watoto pale mjini. Ikipungua, hakuna mfuko wa bosi wa kuuchomoa, ni mji wenyewe kujichanga.

Kabla sijaenda mbali, na neno "vijana" lenyewe lina maana yake. Hapa hatuongelei timu za shule. Ni wachezaji wa miaka 16 hadi 20, ngazi ya mwisho ya vijana kabla mtu hajaenda NHL, ile ligi kubwa ya kulipwa ya Amerika Kaskazini, au hajaachana nayo akafanya mambo mengine. Kule juu kabisa kuna ligi tatu chini ya mwavuli wa CHL: WHL ya magharibi, OHL ya Ontario, na ile ya Quebec na majimbo ya pwani ya mashariki, na mabingwa wa hizo tatu pamoja na timu mwenyeji wanagombania Memorial Cup. Vijana wengi wanatoka mbali na kwao kwahiyo wanakaa kwenye nyumba za watu, yaani familia ya pale mjini inampokea kijana, inampa chumba na chakula msimu mzima kama mtoto wao, anasoma shule ya hapo hapo. Hata timu yenye tajiri inaishi hivyo, kwahiyo mji siku zote unabeba sehemu kubwa. Tofauti ya timu ya jamii ni kwamba mji unabeba na pia una sauti ya kuamua.

WHL ina timu zaidi ya 20 lakini za jamii ni nne tu, Swift Current Broncos, Moose Jaw Warriors na Prince Albert Raiders, zote jimbo la Saskatchewan, na Lethbridge Hurricanes kule Alberta. OHL kuna Kitchener Rangers na Peterborough Petes. Ya Kitchener ilianza kwa namna nzuri sana, zamani timu za vijana zilikuwa chini ya klabu za NHL, ule utaratibu ulipokufa miaka ya 1960 ikielekea kuisha, New York Rangers wakamwambia Eugene George, mtu wa pale, achukue timu kwa dola 1. Dola moja! Angeweza kuweka mfukoni mali ambayo baadaye ingekuwa na thamani kubwa mno, yeye akaiweka mikononi mwa watu wanaonunua tiketi za msimu, na mpaka leo hao ndo wanaochagua bodi.

Lakini ukitaka kuelewa hii dhana vizuri nenda Swift Current. Ni mji wa watu kama 17,000 hivi kusini magharibi mwa Saskatchewan, kwenye barabara kuu ya Trans-Canada, nchi ya ngano na ng'ombe, upepo muda wote, na ndo mji mdogo kuliko yote kwenye WHL. Uwanja wao ulijengwa 1967 na viti vyake havifiki hata 3,000. Broncos walianzishwa mwaka huo huo 1967. Enzi zile walipita vijana kama Bryan Trottier, ambaye kwao ni Val Marie, kijiji cha kusini ya hapo, na baadaye akabeba Stanley Cup, kombe la NHL, mara sita kama mchezaji, na Tiger Williams. Mji mdogo ila hoki ipo damuni.

Sasa 1974 mwenye timu akaihamisha. Ndiyo, kirahisi hivyo, akaipeleka Lethbridge, mji mkubwa zaidi, na sheria ilikuwa upande wake maana ni mali yake. Watu wa Swift Current wakakaa miaka 12 bila timu ya ligi kubwa ya vijana huku wakisikia jina lao la Broncos linatangazwa kutoka jimbo jingine, na 1983 hao Broncos wakachukua ubingwa wa WHL wakiwa huko huko Lethbridge. Mimi hapa ndo naona maana nzima ya timu ya jamii ilipo, kwa sababu 1986 wenyeji walipofanikiwa kuirudisha hawakutafuta tajiri mwingine mwenye roho nzuri zaidi, waliifanya iwe ya mji. Na Lethbridge nao waliobaki mikono mitupu wakapata timu nyingine 1987, iliyotoka Calgary, ndo hao Hurricanes, na leo hao pia ni wa jamii. Miji miwili iliyoonja kunyang'anywa, yote imeishia njia ile ile.

Furaha ya kurudi haikukaa hata msimu mmoja. Tarehe 30 Desemba 1986 basi la timu lilikuwa linatoka Swift Current kwenda Regina kucheza, barabara ina barafu, wamefika nje kidogo tu ya mji dereva akashindwa kulidhibiti likaacha njia na kupinduka. Wachezaji wanne waliokuwa wamekaa nyuma wanacheza karata walikufa: Trent Kresse, Scott Kruger, Chris Mantyka na Brent Ruff, huyo wa mwisho alikuwa na miaka 16 tu. Hebu fikiria maana yake kwenye mji wa ukubwa ule, wamiliki wa timu ndo hao hao waliokuwa wanawapikia chakula hao vijana, ndo wanaosali nao kanisa moja. Mwenye mali na mfiwa walikuwa mtu mmoja. Timu haikufungwa, msimu uliendelea na wakaingia mtoano mwaka ule ule. Joe Sakic, ambaye dunia nzima ya hoki ilikuja kumjua, alikuwa ndani ya lile basi, na ligi ikaipa tuzo ya mchezaji bora jina la Four Broncos, yaani Broncos wanne.

Miaka miwili na ushee baadaye, 1989, wakapita mtoano wa WHL bila kupoteza mechi hata moja, 12 kwa 12, halafu wakaenda kuchukua Memorial Cup pale Saskatoon mbele ya wenyeji Saskatoon Blades, 4 kwa 3, goli la muda wa nyongeza la Tim Tisdale. Baadhi ya waliopona ajali walikuwemo kwenye kile kikosi.

Ila siwezi kusimulia hapo nikaishia kwenye kombe, kwa sababu kocha wa wakati ule, Graham James, alikuwa anawadhulumu vijana kingono, na mmoja wao ni Sheldon Kennedy, aliyepona kwenye basi na kubeba lile kombe. Kennedy alijitokeza hadharani, James akakiri makosa mahakamani 1997 na kufungwa. Kwahiyo mtu asikudanganye kwamba umiliki wa jamii peke yake unalinda mtoto. Unalinda timu isiondoke mjini, hicho ndicho kilichoandikwa kwenye karatasi. Kumlinda kijana ni kazi nyingine inayotaka watu wanaouliza maswali hata kocha anaposhinda, na huyu alikuwa anashinda sana.

Turudi kwenye hela maana ndo swali la kila mtu, inajiendeshaje? Tiketi za msimu kwanza, matangazo ya biashara za mji kwenye kuta za uwanja, chakula na vinywaji siku ya mechi, bahati nasibu ile ya nusu kwa nusu ambapo mshindi anachukua nusu ya kilichochangwa, chakula cha jioni cha kuchangisha, na watu wanaojitolea kukagua tiketi mlangoni. Timu ikifika mbali kwenye mtoano inapata mechi za ziada nyumbani na hizo ndo zinaokoa mwaka. Kila mwaka kuna mkutano mkuu ambapo hesabu zinasomwa mbele za watu, faida au hasara, kitu ambacho timu ya tajiri haina haja ya kumwonyesha mtu. Wakati wa korona 2021 timu za Saskatchewan na Manitoba zilicheza mechi 24 tu, zote Regina, bila mtazamaji hata mmoja, na kwa klabu inayoishi kwa tiketi hebu piga hesabu mwenyewe.

Na bado hizi timu zinashinda, hili linanifurahisha kweli. Swift Current bingwa wa WHL 2018, Prince Albert 2019 kwa goli la muda wa nyongeza kwenye mechi ya saba, Moose Jaw 2024 kwa mara ya kwanza kabisa kwenye historia yao.

Ile 2018 ilikuwa nzito. Aprili 6, Swift Current wakiwa katikati ya mtoano, basi la Humboldt Broncos, jimbo lile lile, jina lile lile, nayo timu ya jamii ya ligi ya chini yake, liligongana na lori, watu 16 wakafa. Michango ya mtandaoni ikapita dola milioni 15. Swift Current waliendelea kucheza wakiwa na ule uchungu wa 1986 umefumuka upya, wakachukua kombe mwezi Mei nyumbani kwao, na ukitoka pale mjini kwa barabara ya kwenda Regina, karibu na pale basi lilipoanguka, kuna mnara wa ukumbusho wenye umbo la jani la klova lenye vipande vinne, kila kipande na namba ya jezi yake, 8, 9, 11 na 22.