Pedi mpya, mbona taa ya breki bado inawaka?

Wengi huamini kwamba pedi mpya za breki (vipande vinavyobana diski ya gurudumu) zikishafungwa, taa ya breki kwenye dashibodi lazima izime yenyewe. Isipozima, basi pedi ni feki. Si hivyo. Taa haizioni pedi.

Kwenye magari mengi yenye sensa ya pedi, yaani kihisi cha kuisha kwake, waya mdogo hupachikwa ndani ya pedi. Pedi ikiisha, diski huusaga waya huo na taa huwaka. Waya ukishakatika haujiungi tena, hata pedi ziwe mpya kiasi gani. Sensa nayo hubadilishwa. Hapo ndipo watu hubania pesa, kisha lawama zote kwa fundi. Baadhi ya magari hutaka pia kumbukumbu ya onyo hilo ifutwe kwenye menyu au kwa mashine ya uchunguzi.

Taa nyekundu yenye alama ya mshangao ni habari nyingine: breki ya mkono haijaachiwa kabisa, au mafuta ya breki yamepungua. Pedi zinapolika, pistoni zinazozisukuma husogea nje na mafuta hushuka kwenye kikopo chake. Ukiyaongeza wakati huo, siku pistoni zikirudishwa ndani yatafurika, nayo hubabua rangi ya gari. Lakini yakiwa chini hata baada ya pedi mpya, tafuta panapovuja.

Taa ya ABS, mfumo unaozuia magurudumu kujifunga ukifunga breki, mara nyingi huwashwa na waya wa sensa ya gurudumu uliovutwa wakati wa kazi.

Ile taa nyekundu ikiwaka huku kanyagio la breki linazama, usiliondoe gari.