Simu mbili, akaunti moja: jinsi simu inavyowasingizia wanandoa

Kazi yangu ni kutengeneza simu na kurudisha data zilizopotea, hapa Dar es Salaam. Kesi za "mume wangu ananichunguza" na "mke wangu ana mtu" zinafika mezani kwangu kila mara, na nyingi nikizifungua sikuti mchunguzi wala huyo mtu. Nakuta akaunti moja ya Google au ya Apple imewekwa kwenye simu mbili. Basi. Simu zinafanya kazi kama zilivyoundwa, wenye simu ndio wanaoshikana mashati.

Shika jambo moja, mengine yote yatafuata. Google na Apple hawajui kama mmeoana. Wanachokijua ni akaunti, na akaunti moja kwao ni binadamu mmoja. Ukiweka akaunti ya mumeo kwenye simu yako, wao wanaona mtu yuleyule kanunua simu ya pili, kwa hiyo wanahangaika asipate taabu: majina aliyohifadhi huku ayakute kule, picha ziwe zilezile, maneno ya siri yajijaze yenyewe, na alichotafuta jana usiku kimsubiri asubuhi. Kwa mtu mmoja ni huduma nzuri sana.

Nikiwauliza walifikaje hapo, ni wachache wanaosema walikaa chini wakaamua. Wengi walianzia dukani. Unanunua simu, kijana anakuuliza kama una Gmail, unasema huna, anakufungulia moja chapchap na neno la siri analiandika kwenye boksi. Boksi linatupwa. Mwaka unaofuata mke naye anapata simu janja, hakuna mwenye hamu ya kuanza upya, mume anaingiza akaunti yake. Kwa wenye iPhone njia ni nyingine: mume anapanda toleo jipya, ile ya zamani inashuka kwa mama watoto bila kufutwa, maana picha za watoto zimo humo. Wapo pia wanaobana matumizi, hawataki kulipia nafasi ya kuhifadhi mara mbili. Na wapo wa "sisi hatufichani kitu". Hao sibishani nao. Nasubiri tu warudi.

Majina ya simu ndiyo yanayoanza kuleta vurugu. Kwenye Android, majina ya simu zote mbili yanamwagika kwenye orodha moja. Fundi bomba wake, shoga zako, kikoba, wateja wa mbao, mwalimu wa darasa la pili, wote humo. Mke anaona majina asiyoyajua, anadhani ni takataka za simu, anafuta. Jioni mume hana namba ya mteja wa Mbagala aliyekuwa amalizie deni lake. Hakuna aliyemhujumu mwenzake.

Lililonichekesha zaidi ni la "Baba". Mke alimhifadhi baba yake mzazi kwa jina hilo, na mume naye alimhifadhi wa kwake kwa jina hilohilo, kama watu wote. Orodha zilipochanganyika, simu ikaona akina Baba wawili, ikapendekeza iwaunganishe, mke akakubali bila kusoma. Akabaki Baba mmoja mwenye namba mbili, na ya kwanza ilikuwa ya baba mkwe. Mwisho wa mwezi binti akatuma hela ya dawa kwa baba yake. Jina la mpokeaji lilitokea kabla ya namba ya siri kama kawaida, lakini mwenye haraka hasomi. Mzee wa upande wa pili akampigia mwanawe simu kumsifia mkwe aliyepata. Sasa hapo nani ana uso wa kumwambia mzee arudishe? Hawakuthubutu. Walikuja kwangu kutenganisha majina tu, hela walishaisamehe.

Hilo la majina lina dawa ukiwahi. Fungua majina ya Google kwenye kompyuta, utakuta sehemu ya kutendua mabadiliko, inayorudisha orodha nzima ilivyokuwa siku yoyote ndani ya siku 30 zilizopita. Jina moja moja lililofutwa hukaa kwenye tupio kwa siku 30 pia. Zikipita hizo, ni kuombana namba upya.

Ukija kwenye iPhone, moto mkubwa unawashwa na orodha ya simu zilizopigwa. Hapa nenda nami taratibu, maana ndipo ndoa zinapoumia bure. Simu mbili zikiwa na akaunti moja ya Apple, orodha ya simu za karibuni husafiri kupitia iCloud, ghala la mtandaoni la Apple, kutoka moja kwenda nyingine. Mume akipigiwa na mtu saa nne usiku akiwa kazini, namba ile inaweza kujitokeza kwenye orodha ya mke, bila alama yoyote ya kuonyesha kwamba simu iliita kwa mwenzake. Mke anaona namba asiyoijua kwenye simu yake mwenyewe, anaipiga, inapokelewa na sauti ya kike ya ofisini. Kinyume chake ni kibaya zaidi. Mume anashika simu ya mke kutazama saa, anakuta namba ngeni imepigwa dakika kumi zilizopita. Mke anaapa hajapiga. Anasema kweli, aliyepiga ni mume mwenyewe, namba ya dereva wa mzigo ambayo hakuihifadhi na hata kichwani haimo. Nimeshuhudia mtu akijihoji mwenyewe namna hiyo bila kujua.

iMessage, yaani jumbe za Apple, na FaceTime, simu zake za video, ni hivyohivyo. Mtu akikupigia FaceTime, zinaweza kuita zote mbili, mmoja yuko Kigamboni na mwingine Morogoro. Ujumbe wa shoga yako unawaka kwenye kioo cha mumeo katikati ya kikao. Unaweza kuzima hayo kwenye mipangilio kwa kuondoa tiki kwenye namba isiyo yako, na mafundi wengi ndiyo dawa wanayotoa. Mimi siipendi. Unaziba tundu moja huku mtumbwi una kumi. Android, kwa haki yake, haisambazi orodha ya simu za kawaida kwa njia ya akaunti ya Google, kwa hiyo ugomvi wa aina hii ukiuona ni wa iPhone.

Yale yanayotafutwa mtandaoni nayo yana visa vyake. Ukigusa kisanduku cha Google, kinakuonyesha yaliyotafutwa nyuma. Muuguzi anatafuta dalili za kaswende kwa ajili ya mgonjwa wake, mume anakuja kutafuta matokeo ya mechi, anakutana na kaswende. YouTube inachanganya mahubiri, ngumi na mapishi ya watu wawili mpaka haijui imlishe nani. Hilo ni kero tu, lipite.

Picha ni hasara ya kweli. Wenye iPhone wakiwasha picha za iCloud kwa akaunti moja, wana maktaba moja, na picha ikifutwa huku imefutwa kule. Mke anasafisha simu iliyojaa, anaondoa picha za "mbao mbao hizi za nini", kumbe ni ushahidi wa mzigo alioupokea mumewe. Apple huziweka picha zilizofutwa kwa siku 30 hivi, na Google Photos huziweka kwenye tupio siku 60 kama zilikuwa zimeshahifadhiwa mtandaoni. Halafu kuna nafasi. Apple wanatoa GB 5 za bure, Google GB 15, na hizo 15 zinagawanywa kati ya barua pepe, Drive (ghala la mafaili) na picha. Tangu 2024 nakala za WhatsApp za Android nazo zinahesabiwa humo. Watu wawili na watoto watatu wanaopigwa picha kila Jumapili wanazimaliza upesi. Wengi hawajui kwamba nafasi ya Google ikijaa, Gmail inaacha kupokea barua. Unasubiri jibu la usaili wa kazi, na lenyewe limegonga mlango limerudi kwa sababu ya video za ubarikio.

Usalama ndio unaonitia hofu kuliko ndoa. Mtu akijaribu kuingia kwenye akaunti yenu, Google inatuma swali kwenye simu zenye akaunti hiyo: ni wewe? Kila mmoja anadhani ni mwenzake, mmoja anabonyeza ndiyo. Mwizi akipora simu moja Ubungo na akajua namba ya kufungulia kioo, amepata maneno ya siri ya watu wawili. Na mkikosana vibaya, yeyote mwenye neno la siri la akaunti anaweza kuifuta simu ya mwenzake akiwa mbali, kwa huduma ileile iliyowekwa kwa ajili ya simu zilizoibwa. iPhone zimekuwa na kufuli la akaunti tangu 2013, Android tangu 2015: simu ikifutwa, inamtaka mwenye akaunti ya mwanzo ajitambulishe. Wanawake wanakuja na simu waliyonunuliwa kwa moyo mweupe, sasa ni kipande cha kioo, na mwenye neno la siri hapokei simu. Hapo fundi mwaminifu hana la kufanya. Anayekuahidi kuifungua Kariakoo kwa elfu thelathini, muulize kwanza amezipata wapi zile nyingine anazozifungua.

Kuna wanaoninong'oneza kwamba wao wanataka ibaki hivyo, ili wamwone mwenzao. Hiyo kazi siifanyi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaliita kosa kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila haki, na sijaona humo kifungu kinachosema cheti cha ndoa ni kibali. Na hata ukiweka sheria pembeni, umeshaona hapo juu ushahidi wenyewe ulivyo.

Kutenganisha si kazi ngumu, ila mpangilio wake ni muhimu. Watu wanapoteza vitu kwa sababu wanaanza na kuondoa. Anza na kuongeza. Kwenye Android, fungua akaunti mpya ya yule asiye na yake, iwekwe kwenye simu yake pamoja na ile ya zamani, na namba ya kurejesha iwe laini yake mwenyewe, siyo ya mume wala ya kijana wa duka. Kisha hamisha majina: fungua programu ya majina, chagua yaliyo yake, yatoe kama faili, yaingize upya chini ya akaunti mpya. Picha zitumwe kwenye akaunti mpya na ahakikishe zimehifadhiwa huko. Ingia kwenye WhatsApp, badilisha akaunti ya kuhifadhia nakala, halafu tengeneza nakala mpya papo hapo, usiseme kesho. Pitia benki na huduma nyingine alizojiandikisha kwa barua pepe ya zamani, zibadilishe. Ukimaliza hayo ndipo uiondoe akaunti ya zamani kwenye simu hiyo.

Kwenye iPhone tazama kwanza kama simu inabana picha ili kuokoa nafasi. Ikiwa ndiyo, picha unazoziona ni vivuli, halisi ziko iCloud, na ukitoka umeziacha. Zishushe zote kwanza, kwa Wi-Fi, siyo kwa bando la siku. Wakati wa kutoka, simu itakuuliza kama ubaki na nakala ya majina na vitu vingine. Kubali, yasiyo yako utayafuta baadaye. Programu zilizonunuliwa kwa akaunti ya zamani zinabaki za akaunti ile.

Na ile hoja ya kubana matumizi imekwisha nguvu muda mrefu. Apple wameruhusu kundi la familia tangu 2014, watu hadi sita, na Google nao ni hadi sita. Mmoja analipia nafasi, wote wanaitumia, kila mtu na vitu vyake asivyoviona mwingine. Mkitaka picha za watoto ziwe za wote, iPhone zina maktaba ya pamoja tangu 2022, na Google Photos unaweza kumchagua mwenza apate picha zenye sura za watoto tu.

Swali ninaloliheshimu kuliko yote huulizwa na wake wakubwa kidogo: akifa je, nitaingiaje? Akaunti moja si jibu la hilo. Google wana sehemu ya kupanga nani apewe nini akaunti ikikaa kimya, miezi 3 hadi 18, na unaweza kutaja watu hadi 10. Ipangeni, kwa sababu tangu Desemba 2023 Google wanaweza kufuta akaunti binafsi iliyokaa miaka miwili bila kutumika. Apple, tangu mwisho wa 2021, wanakuruhusu kumtaja mrithi. Anapewa ufunguo ambao ataupeleka pamoja na cheti cha kifo. Zote mbili zinapangwa ukiwa mzima, kwa dakika chache.

Mkishatenganisha akaunti, mwenye ile ya zamani abadilishe neno la siri siku hiyohiyo, kisha afungue orodha ya vifaa. Mara nyingi kuna cha tatu humo, simu aliyopewa shemeji kijijini mwaka juzi, bado inapokea kila kitu. Hiyo nayo iondoeni.