Ini, tiba ya Kichina na macho ya njano: maswali tunayoulizwa

Tiba ya asili ya Kichina inasema ini lina kazi gani?

Katika mafundisho hayo, ambayo misingi yake imo katika kitabu cha kale cha Huangdi Neijing, ini ni jemadari wa mwili. Linahifadhi damu na kuipitisha qi, yaani nguvu ya uhai, isikwame. Macho, kano na kucha ziko chini yake, na hasira ni yake pia. Mtu mwenye hasira za karibu, ubavu unaobana na hedhi iliyovurugika huambiwa qi ya ini imekwama, akapewa mitishamba au kuchomwa visindano vyembamba mwilini (akupancha).

Nikiambiwa na tabibu wa Kichina kwamba ini langu lina shida, nina ugonjwa wa ini?

Si lazima. Tabibu huyo anaeleza jinsi mwili unavyofanya kazi kwa mujibu wa mafundisho yake. Kwa kushika mapigo na kutazama ulimi hajakipima kiungo kilicho chini ya mbavu zako za kulia. Kinachotutisha zaidi ni yule anayeambiwa ini lake ni zima, huku virusi vya homa ya ini B vikilila kimyakimya kwa miaka. Kipimo cha damu ndicho kinachovionyesha.

Macho yamekuwa ya njano. Nimalize kwanza unga wa kusafisha ini?

Hapana. Nenda hospitali leo. Tunawapokea watu wenye tumbo lililojaa maji, mkojo mweusi kama chai ya rangi, na ndani ya mkoba kuna mfuko wa nailoni wenye unga wa kahawia usio na jina. Ukiuliza, macho yalianza kubadilika wiki kadhaa nyuma. Wiki hizo ndizo tulizozihitaji.

Lakini ni mitishamba tu, itanidhuru nini?

Inaweza kukudhuru. Unachomeza hupita kwenye ini. He shou wu, mzizi unaonywewa ili nywele zibaki nyeusi, umeumiza maini ya watu huko huko China. Tu san qi, mmea mwingine wa tiba hiyo, unaweza kuziba mishipa midogo ya damu ndani ya ini, na wapo waliokufa. Ini lililokwisha kuumia halihitaji mzigo mwingine.

Nimeanza kunywa na naona nafuu. Niendelee?

Hapana, tena hapana. Homa ya ini A mara nyingi hupoa yenyewe, kisha unga ndio unaosifiwa. Homa ya ini B inaweza kuyaacha macho yakasafika na virusi vikabaki. Acha unga, nenda leo, na ubebe ule mfuko ili daktari ajue ulichokunywa. Ukitapika damu, ukipata choo cheusi kama lami au ukianza kuchanganyikiwa, usisubiri kupambazuke.

Basi mnaidharau tiba ya Kichina?

Hatuidharau. Artemisinini iliyo katika dawa mseto ya malaria ilitokana na mmea wa qinghao, na Tu Youyou alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo. Lakini ilichujwa, ikapimwa, ikajulikana kipimo chake. Na hospitali za tiba asili nchini China zina maabara: mgonjwa mwenye macho ya njano hutolewa damu. Kwa nini wewe uridhike na mfuko usio na jina?

Hospitalini nitafanyiwa nini?

Utapimwa damu kuangalia virusi vya B na C na hali ya ini, na pengine utapigwa ultrasaundi. Homa ya ini C inatibika ikapona kwa vidonge vya miezi michache. Ya B ikishakuwa sugu, kwa wengi haiishi, ila tenofovir, kidonge kimoja kila siku, huizuia isiliharibu ini. Mwenzi wako na watoto nao wapimwe, na asiye na kinga achanjwe. Mjamzito aseme mapema kliniki, maana chanjo ya mtoto inatakiwa ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa.