Pampu haimzoeshi mtoto njiti

Juzi tena mama ameniambia ameifungia kabatini pampu ya mwanawe, ile ya kuvutia dawa ya kifua, kwa kuwa jirani kamwambia, "Ukishamuanza nayo ndiyo basi, ataivuta mpaka uzeeni." Badala yake anampa kwa kijiko salbutamoli ya maji, dawa ile ile iliyomo kwenye pampu. Mtoto ni njiti, alizaliwa wiki ya 29 ya mimba. Maneno haya kisiwani Pemba nimeyasikia Wete, nimeyasikia Chake Chake, nimeyasikia Mkoani, na leo nayajibu kwa maandishi.

Salbutamoli haina uraibu. Inalegeza misuli iliyozunguka vijibomba vya hewa, inaanza kazi ndani ya dakika chache, na baada ya saa nne hadi sita nguvu yake imekwisha. Mtoto akibanwa tena usiku, kilichorudi ni ugonjwa wenyewe. Anayezaliwa wiki ya 28 au 29 huja vifuko vyake vya hewa bado havijaumbika sawasawa, kisha huhitaji oksijeni na pengine mashine ya kupumulia, ambavyo humwokoa na papo hapo huyaumiza mapafu. Mafua yanayompita kaka yake kwa siku tatu, yeye yatambana kifua wiki mbili. Ndiyo maana pampu inahitajika tena na tena.

Sasa tuhesabu, maana hapa ndipo moyo unaponichemka. Mpulizo mmoja wa pampu ya buluu, ndiyo hii ya salbutamoli, ni maikrogramu 100. Kijiko kidogo cha dawa ya maji, mililita 5, kina miligramu 2, yaani maikrogramu 2,000. Hiyo ni mipulizo 20! Hata ukimpa nusu kijiko, ni mipulizo kumi. Na haiendi kifuani moja kwa moja: inapita tumboni, inaingia katika damu, moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, mtoto halali. Ni kumwagilia shamba zima ili mche mmoja upate maji. Halafu kijiko ndicho kinachoitwa dawa laini, na pampu dawa kali!

Mtoto mchanga atumie speisa, yaani kichupa kinachochomekwa pampu upande mmoja na mtoto akavutia upande wa pili, yenye barakoa inayokaa vizuri usoni. Hamna speisa? Mwaka 1999 watafiti wa Cape Town walionyesha kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500, ikitobolewa na kuzibwa vizuri kuizunguka pampu, iliwasaidia watoto waliobanwa na pumu sawa na speisa ya dukani. Watoto wale walikuwa wakubwa, wa miaka mitano na kuendelea. Mdogo bado anataka barakoa. Na tafadhalini, mama zangu, msimlize kwa makusudi eti "akilia ndiyo anavuta sana". Anayelia anatoa pumzi ndefu na kuvuta kwa kifupi, na dawa inaishia kinywani na kooni. Mpakate, mnyamazishe, ndipo umpulizie.

Upande wa pili nao wana makosa yao, na hawa ni madaktari wenzangu. Si kila njiti anayepiga miluzi kifuani ana pumu. Wengine vijibomba vyao ni vyembamba tu, wala misuli haikukaza, kwa hiyo salbutamoli haina cha kulegeza. Wapo ambao njia kuu ya hewa ni laini na hujikunja wanapotoa pumzi. Hao dawa hii inaweza hata kuwazidishia. Mimi nasikiliza kifua, natoa dawa, nasubiri robo saa, nasikiliza tena. Kama hakuna kilichobadilika, sioni sababu ya kumrudisha mtoto nyumbani na pampu na neno "pumu" kwenye kadi yake.

Pampu ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe ndani ya mapafu, ndiyo inayonikosesha raha. Mwaka 2015 utafiti mkubwa wa watoto 863 waliozaliwa kati ya wiki ya 23 na ya 27 ulionyesha kwamba budesonidi ya kuvuta, mojawapo ya steroidi hizo, ikianzwa ndani ya saa 24 za mwanzo, ilipunguza ugonjwa sugu wa mapafu. Walipofuatiliwa hadi umri wa miaka miwili, waliofariki walikuwa wengi zaidi upande wa dawa: asilimia 19.9 dhidi ya 14.5. Huenda ni bahati mbaya ya hesabu, huenda siyo. Mwongozo wa Ulaya wa 2020 haupendekezi steroidi za kuvuta kwa watoto wenye ugonjwa huo. Kisha watafiti wa Perth, Australia, wakaonyesha faida ndogo kwa watoto wa umri wa skuli. Basi nifanyeje na wa miaka miwili anayelazwa kila masika? Humjaribishia kwa wiki chache, na nisipoona tofauti naisimamisha. Daktari mwenzangu anaweza kuamua vingine na nisimlaumu.

La chetezo nalisema upesi. Najua nyumba haipendezi bila udi, na nguo za mzazi lazima zifukizwe. Fukizeni nje, nguo zipungwe na upepo kwanza, na mtoto huyu asilale chumba chenye moshi wa ubani, sigara wala kuni.

Na mkiona mbavu zinaingia ndani, midomo imekuwa ya buluu au kashindwa kunyonya, mpulizieni huku mnakwenda hospitali. Msingoje kupambazuke.