Benki ya mayai: mahali jeni za dimbwi la msimu zinapokaa

Benki ya mayai ni akiba ya mayai yaliyolala ndani ya matope ya dimbwi, yaliyotagwa katika misimu tofauti na yakiwa bado na uhai. Gegereka wadogo wa madimbwi ya msimu, jamaa wa kamba na kaa wenye urefu wa milimita chache hadi sentimita mbili au tatu, huogelea wiki chache tu wakati maji yapo. Dimbwi likikauka wote hufa. Kuanzia hapo mpaka mvua nyingine, jamii nzima ipo katika umbo la mayai. Kwa hiyo anayechota wanyama wanaoogelea na kupima jeni zao amepima kundi dogo lililobahatika kuanguliwa msimu huo, na wenzao walio wengi bado wako kwenye tope.

Mayai haya hutokea kwa njia zaidi ya moja, na njia hiyo ndiyo inayoamua jeni zitasomekaje baadaye. Streptocephalus, kamba wasio na gamba wanaoogelea chali na wanaopatikana pia katika madimbwi ya savana za Afrika Mashariki, huhitaji dume na jike. Baada ya kutungishwa, kiinitete hukua kidogo ndani ya ganda gumu, kisha husimama. Kwa Artemia, jamaa yao wa maji ya chumvi, sukari ya trehalozi hulinda utando na protini za seli wakati karibu maji yote yametoka. Yai katika hali hiyo huvumilia jua, vumbi, na hata kupita tumboni mwa ndege.

Dafnia, gegereka wengine wadogo wa majini, hufanya vingine. Kwa sehemu kubwa ya msimu majike huzaa majike bila dume, na kila binti ni nakala ya mama yake kijeni. Maji yakipungua, wanyama wakisongamana au chakula kikiadimika, mama yule yule huanza kuzaa madume, nayo pia ni nakala zake, kwa sababu jinsia ya dafnia kwa kawaida huamuliwa na mazingira. Ndipo majike hutoa mayai yanayohitaji kutungishwa. Mayai hayo, kwa kawaida mawili, hufungwa katika kifuko kigumu cheusi mgongoni, na kifuko hutoka pamoja na gamba mama anapojivua.

Kwa nini mayai yote yasianguliwe kwa mvua ya kwanza? Hesabu ndogo inajibu. Tuseme kila yai linaloanguliwa mwaka mzuri huacha mayai 10, na mwaka mbaya, maji yanapokauka kabla ya wanyama kukomaa, haliachi kitu. Tuseme pia miaka mizuri na mibaya inapishana, na mayai yaliyolala hayafi. Yakianguliwa yote, mwaka mbaya wa kwanza unafuta jamii. Yakianguliwa 90%, mwaka mzuri unazidisha akiba mara 9.1 na mwaka mbaya unaibakiza 0.1. Zidisha: 0.91, yaani jamii inapungua ingawa karibu kila yai lilipewa nafasi. Yakianguliwa nusu, ni 5.5 mara 0.5, sawa na 2.75 kwa miaka miwili. Kiwango bora katika mfano huu ni karibu 44%. Kama miaka mibaya ni miwili katika kila mitatu, kinashuka hadi karibu 26%. Katika dimbwi halisi baadhi ya mayai hufa au huliwa, kwa hiyo tarakimu hubadilika, lakini mwelekeo haubadiliki: kadiri mvua isivyoaminika, ndivyo sehemu kubwa zaidi inavyolazimika kubaki imelala.

Upande wa jenetiki, matokeo ya kwanza ni kwamba vizazi vinapishana. Wanyama wa msimu mmoja wanaweza kuwa wametoka kwenye mayai ya mwaka jana na ya miaka mingi nyuma. Katika Bullhead Pond, jimbo la Rhode Island nchini Marekani, mayai ya kopepoda (kundi jingine la gegereka wadogo) Diaptomus sanguineus yaliyochimbwa kwenye tope la chini yaliweza kuanguliwa baada ya zaidi ya miaka 300. Aleli, yaani umbo mojawapo la jeni, iliyopotea majini kwa bahati mbaya ya msimu mmoja huweza kurudi kutoka kwenye tope. Uteuzi asilia nao hupunguzwa kasi, kwa kuwa kila mwaka watoto wa walioteuliwa huchanganyika na mayai ya zamani ambayo hayakuguswa na hali ya karibuni. Hii ni faida mazingira yakibadilika huku na huko, na ni mzigo yakibadilika moja kwa moja kuelekea upande mmoja.

Usomaji wa sampuli ndipo wengi wanapojikwaa. Kanuni ya Hardy na Weinberg, inayohesabu mgawanyo wa jeni wanyama wakipandana bila mpangilio, inatarajia kwamba, aleli mbili zikiwa na mgawo sawa wa 0.5, kati ya wanyama 100 kuwe na heterozaigoti (wenye aleli mbili tofauti) 50. Ukipata 33 tu, usikimbilie kusema kuna uteuzi. Huenda umechanganya makundi mawili ya mayai yenye viwango tofauti vya aleli, na mchanganyiko wa aina hiyo peke yake hupunguza heterozaigoti. Au wanyama wanajitungisha wenyewe. Eulimnadia texana, gegereka mwenye gamba la pande mbili anayeishi kusini-magharibi mwa Marekani na Meksiko, ana madume na huntha (wenye viungo vya uzazi vya kike na vya kiume), lakini hana majike halisi. Huntha hujitungisha au hutungishwa na dume. Hawezi kupandana na huntha mwenzake, kwa sababu hana makucha ya kushikilia aliyonayo dume.

Kromosomu za jinsia za Eulimnadia, Z na W, zinafuatilika kwa kalamu na karatasi. Dume ni ZZ, huntha ni ZW au WW. Huntha wa ZW akijitungisha, robo ya watoto ni madume, nusu ni ZW, robo ni WW. Huntha wa WW akijitungisha huzaa WW peke yao, kizazi baada ya kizazi, bila dume hata mmoja. Akipandwa na dume, watoto wote ni ZW. Ndiyo maana dimbwi moja linaweza kuwa na madume tele na la jirani likakosa kabisa. Turudi kwenye heterozaigoti 33: upungufu F ni 1 kutoa 33/50, yaani 0.34. Kama chanzo ni kujitungisha na hali imetulia, kiwango chake ni 2F/(1+F), karibu 0.51. Nusu ya watoto wametokana na mzazi mmoja.

Kwa dafnia swali la kwanza ni lini ulichota. Paul Hebert, aliyechunguza Daphnia magna nchini Uingereza miaka ya 1970, aliona kwamba jamii za madimbwi yanayokauka hukaribia matarajio ya Hardy na Weinberg, kwa kuwa kila msimu huanza upya na mayai yaliyotungishwa. Katika madimbwi ya kudumu uwiano huo ulivurugika, kwani ukoo mmoja wa nakala unaweza kuongezeka bila kusubiri dume. Ukichelewa msimuni unahesabu ndugu wale wale mara mia.

Ili kusoma benki yenyewe, chukua tope la juu, sentimita 2 hadi 3, dimbwi likiwa kavu, kutoka sehemu kadhaa za katikati na za kingo. Ukichukua kingo tu utapotosha picha, maana upepo na maji hukusanya mayai mahali pamoja. Kausha kivulini, siyo kwenye oveni. Kutenga mayai, loweka tope, lipitishe kwenye chekecheke, kisha changanya na maji ya sukari, kilo 1 kwa lita 1, na uzungushe kwenye sentrifuji. Mayai huelea, mchanga huzama. Yasuuze mara moja kwa maji safi kwani sukari huyanyonya maji.

Kuangua, tandaza tope kwa unene wa nusu sentimita hivi na umwagie maji ya mvua au yaliyotoneshwa. Tope nene hukosa oksijeni, maji ya bomba huwa na klorini, na maji yenye chumvi nyingi huyafanya mayai mengi yabaki yamelala. Weka mahali penye mwanga. Lava wa kwanza mara nyingi huonekana baada ya saa 24 hadi 48. Kisha kausha na urudie angalau mara tatu, kwa sababu wanaotoka awamu ya kwanza si lazima wafanane kijeni na wa awamu ya tatu. Wa kupimwa DNA watiwe kwenye ethanoli ya 95%, na kila awamu iwe na chupa yake.

Akiba kubwa hata hivyo si kinga ya kila kitu. Ziwa Naivasha nchini Kenya lilikuwa na Daphnia pulex wa kienyeji, wenye jeni za aina nyingi na benki kubwa ya mayai. Ukafika ukoo mmoja wa dafnia chotara kutoka Amerika, unaozaa bila dume moja kwa moja. DNA ya mayai yaliyozikwa kwenye matope ya ziwa ilionyesha kwamba ndani ya miaka 60 wenyeji walikuwa wameondolewa, na ukoo huo umechukua nafasi yao kote walikokuwa wakiishi Afrika. Benki iliendelea kuwarudisha wenyeji majini, lakini haikuweza kuwashindia vita huko juu. Mvamizi wa aina hiyo hahitaji kundi ili kuanza. Yai moja linatosha. Kwa anayetembea kutoka dimbwi hadi dimbwi na nyavu, ndoo au buti, kuvianika juani peke yake hakusaidii, kwa kuwa ukavu ndio hali ambayo mayai haya yameumbwa kuihimili. Tope lisuguliwe kwa brashi na kuachwa pale pale lilipotoka.