Kabla ya kumcheka mtawa wa Chaucer

Anayefungua The Canterbury Tales, hadithi za mshairi Mwingereza Geoffrey Chaucer kuhusu mahujaji waendao Canterbury, mara ya kwanza huwaona mahujaji hao kuwa watu wenye vituko tu, na hapo ndipo anapopotea. Chaucer alianza kazi hiyo yapata mwaka 1387, na wasomaji wake walikwisha kujua kila hujaji alipaswa kuwaje. Jamii, walifundishwa, ina mafungu matatu: wanaosali, wanaopigana na wanaofanya kazi. Kila fungu lilikuwa na wajibu wake na maovu yake yaliyozoeleka, na washairi walikuwa na mazoea ya kuyapitia moja moja wakisuta.

Kwa hiyo mimi humsoma kila mhusika kwa kuuliza cheo chake kilidai nini, kisha mshairi amenyamazia nini.

Chukua mtawa. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, mwongozo wa maisha ya watawa, ilimtaka akae monasterini, asali, afanye kazi za mikono, asimiliki kitu. Huyu anawinda sungura kwa mbwa wenye mbio za ndege; mikono ya vazi lake ina manyoya ya thamani, na kofia yake imefungwa kidevuni kwa pini ya dhahabu. Anasema kanuni hiyo ni ya kizamani na inabana, na msimulizi anaitikia kwamba rai hiyo ni njema. Usiitikie naye! Msimulizi ni hujaji mwepesi wa kusifu, na kejeli ya Chaucer hukaa ndani ya sifa hizo hizo. Kuhusu sala za mtawa, hatuambiwi neno.

Mavazi nayo yasomwe kwa makini. Mwaka 1363 Bunge la Uingereza lilipanga kila tabaka livae nini, na mafundi wakakatazwa visu vya fedha. Sheria ilifutwa upesi, lakini dharau iliyoizaa haikufutika. Sasa watazame mafundi watano wa Chaucer: visu vyao vimepambwa kwa fedha, si shaba, na wake zao wanapenda kuitwa “madame”.

Mafungu matatu hayawatoshi wote. Mfanyabiashara ana madeni anayoyaficha. Daktari ameweka akiba ya alichochuma wakati wa tauni. Wanawake walipimwa kwa mizani nyingine kabisa: bikira, mke au mjane. Ndiyo maana mwanamke wa mji wa Bath, fundi hodari wa kufuma nguo, anahesabiwa waume watano.

Wanaobaki bila doa ni kama kielelezo kimoja kwa kila fungu: askari mpanda farasi, ambaye vazi lake lina alama za kutu ya deraya, padri wa parokia, na ndugu yake mkulima. Huyo mkulima ndiye anayenishughulisha zaidi. Analipa zaka kamili na kuwalimia maskini bila ujira. Mwaka 1381 wakulima wa Essex na Kent waliingia London kwa hasira ya kodi, Chaucer akiwa mpangaji wa nyumba iliyo juu ya Aldgate, lango la ukuta wa mji huo. Katika kitabu chake, mkulima hasemi neno hata moja.