Akuzativo ya Kiesperanto si "neno linalofuata kitenzi"

Anayeanza Kiesperanto, lugha ya kubuniwa, hukutana mapema na herufi -n mwishoni mwa maneno, na akiuliza ni ya nini, mara nyingi hujibiwa: "Neno linalofuata kitenzi, lipe -n." Jibu hilo ni jepesi kukumbuka na ni baya. Nimelisikia mara nyingi mno, na sasa Kiesperanto si lugha ya mbali tena kwetu (kongamano lake la dunia la Agosti 2024 lilifanyika Arusha, la kwanza barani Afrika), kwa hiyo heri lisahihishwe.

Misingi kwanza, haraka. Nomino huishia na -o, kivumishi -a, kielezi kinachotokana na kivumishi -e. Wingi ni -j, inayotamkwa kama y yetu. Kitenzi huchukua -as kwa wakati uliopo, -is kwa uliopita, -os kwa ujao, na hakijali nafsi wala idadi. Akuzativo ni umbo la nomino, kivumishi au kiwakilishi lenye -n, na kazi yake kubwa ni kuonyesha yambwa, yaani kinachotendwa. Hundo ni mbwa. Mbwa akiwa ndiye anayeonwa ni hundon. Wakiwa wengi, hundojn.

Sasa tazama jibu lile jepesi linavyompoteza mtu. Anataka kusema yeye ni mwalimu, anaandika Mi estas instruiston. Neno limefuata kitenzi, akalipa -n kama alivyoelekezwa. Lakini esti ni kitenzi kishirikishi, sawa na "ni" yetu. Hakuna anayetendwa hapo. Mimi na mwalimu ni mtu mmoja, kwa hiyo ni Mi estas instruisto, basi.

Upande wa pili, yambwa inaweza kutangulia kabisa na ikabaki na -n yake. La hundo mordis la katon na La katon mordis la hundo zote zinasema mbwa alimng'ata paka. Mzungumzaji wa Kiswahili ndiye angepaswa kuwa wa mwisho kushangaa. "Mtoto amekivunja kikombe" na "kikombe, mtoto amekivunja" tunazisema kila siku, wala hakuna anayedhani kikombe ndicho kilichovunja mtoto, maana ki- ipo ndani ya kitenzi inatuonyesha. Kiesperanto kimebandika alama kwenye nomino, sisi tumeipachika kwenye kitenzi.

Hata hivyo Kiswahili nacho kina mtego wake. Katika "nimempa mtoto kitabu", kiambishi -m- kinamrejelea mtoto, yaani mtendewa. Mwanafunzi anachukua mazoea hayo na kuandika Mi donis la infanon libron. Msomaji anayefika kwenye donis la infanon anaelewa kwamba mtoto ndiye aliyetolewa, kisha anakutana na kitabu asijue akiweke wapi. Kilichotolewa ni kitabu, kwa hiyo -n ni yake, na mtoto anaongozwa na al: Mi donis libron al la infano.

Panapoipa -n heshima yake ni kwenye ulinganishaji. "Nampenda Juma kuliko Asha." Je, kuliko Asha anavyompenda Juma, au kuliko ninavyompenda Asha? Kwa Kiswahili itabidi uongeze maneno, na watu wamekosana kwa sentensi fupi kuliko hiyo. Kwa Kiesperanto, Mi amas lin pli ol ŝi maana yake nampenda kuliko Asha anavyompenda. Mi amas lin pli ol ŝin, kuliko ninavyompenda Asha. Herufi moja imemaliza ubishi. Vivyo hivyo, Mi farbis la ruĝan pordon ni kwamba nilipaka rangi mlango mwekundu. Mi farbis la pordon ruĝa, niliupaka mlango hadi ukawa mwekundu.

Halafu kuna kazi ambayo haihusu yambwa hata kidogo. Panya akikimbia chini ya kitanda, Kiswahili hakisemi kama alikuwa huko tayari akizungukazunguka, au alitoka kwingine akajificha huko. La muso kuris sub la lito: alikuwa huko huko akikimbia. La muso kuris sub la liton: aliingia. Katika zile kanuni 16 ambazo L. L. Zamenhof, mbunifu wa Kiesperanto, alizitoa Warsaw mwaka 1887, ya 8 inasema vihusishi hufuatwa na umbo lisilo na -n, na ya 13 inaruhusu -n pale panapoonyeshwa uelekeo. Ila al, ambacho chenyewe tayari ni uelekeo, hakihitaji nyongeza: al la domo, si al la domon.

Na zile salamu na shukrani unazojifunza siku ya kwanza, Saluton, Dankon, Bonan tagon? Hakuna kitenzi hata kimoja, mbele wala nyuma. Ni mabaki ya sentensi ndefu zaidi, "nakutakia siku njema", kama shikamoo ilivyobaki baada ya "nashika miguu" kufupishwa.

Kwa haki, -n imewasumbua hata wenyewe. Mwaka 1894 Zamenhof alipeleka kwa wasomaji wa gazeti la La Esperantisto mapendekezo ya mageuzi, na kuiondoa -n kulikuwa mojawapo. Wengi walipiga kura kuyakataa. Ido, lugha iliyojitenga na Kiesperanto mwaka 1907, iliibakiza kwa ajili ya yambwa inapotangulia kiima tu. Kwa hiyo anayelalamika kwamba -n inamchosha ana wenzake wa heshima.

Anayefundisha kwamba -n ni ya neno linalofuata kitenzi hana nia mbaya. Huenda naye alielekezwa hivyo. Usimkatize mbele ya wanafunzi wake. Baadaye mwandikie Mi estas instruisto, na chini yake Mi vidas instruiston, umuulize ni katika ipi kati ya hizo mbili kuna anayetendwa.